Inchi Tano za Tete

Mwanangu Gaudensi,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hapo umeitikia kimoyomoyo hata kama umekaa katikati ya watu, kwa sababu ndivyo nilivyokulea, na hilo angalau nililifanya sawasawa.

Umetoka sasa hivi kwenda kuagana na wanakwaya wenzako. Baba yako bado yuko Namtumbo na tumbaku yake, amesema atawahi kurudi akuage. Nimebaki mimi na begi lako, limekaa wazi kitandani, na kazi niliyojipa ilikuwa kukunja mashati. Nimekunja mawili. Halafu nikaingiza kwenye mfuko wa pembeni kitu kidogo nilichokizungushia gazeti, nikafunga zipu, nikakaa. Nimekaa mpaka maji ya chai yamekauka jikoni. Ndipo nikachukua hili daftari.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa wala kulala kwenye chandarua. Una miaka ishirini na miwili. Kama chandarua hukijui, malaria itakufundisha yenyewe. Nataka kukueleza jambo uliloligusa Jumapili iliyopita bila kujua. Ulikuwa unakula, ukasema, kama mtu anayesimulia habari za mvua, kwamba kule ziwani unakokwenda kuanza kazi ya injini umeshapata chumba. "Nitakaa kwa mzee mmoja anachonga mitumbwi, mama. Mzee Kasto." Mimi nikainuka nikaenda jikoni, nikasema mboga inaungua. Mboga ilikuwa mezani, Gaude. Ilikuwa mbele yako, umeshaila nusu.

Huyo mzee namfahamu. Na yeye ananifahamu mimi kuliko paroko wetu anavyonifahamu.

Wewe unanijua kama mama anayeshona sare za shule. Kabla ya cherehani nilikuwa muuzaji kwenye duka moja hapa mjini, la pampu, majenereta na injini za boti. Ulikuwa na miaka minne. Duka lenyewe halipo tena, na mwenye duka ameshatangulia mbele za haki, kwa hiyo sitamtaja jina. Nitamwita bosi, kama alivyopenda kuitwa. Yeye ziwa aliliona kwenye kalenda. Mimi nilikuwa nimeliona mara mbili, nikiwa kwenye msafara wa harusi. Na sisi wawili ndio tuliokuwa tunawauzia watu wa ziwani injini, tena kwa sauti ya kuwafundisha.

Wewe haya ya injini umeyasoma chuoni, lakini nataka uone jinsi yalivyo mepesi, ili ujue nilikosa kwenye jambo jepesi kiasi gani. Injini ya boti inaning'inizwa kwenye ubao wa nyuma wa boti, kwa vibano viwili. Kutoka kwenye vibano inashuka shafti mpaka kwenye propela, na juu kidogo ya propela kuna kile kibati kipana kilicholala. Kibati kinatakiwa kiwe usawa wa tumbo la boti, au kishuke chini yake kwa upana wa kidole. Basi. Ubao ukiwa na kimo cha inchi ishirini, unatafuta shafti ya inchi ishirini. Ukiwa wa kumi na tano, unatafuta ya kumi na tano. Unapima katikati ya ubao, pale injini itakapokaa, siyo pembeni ambako mbao zimepanda. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuifanya kazi hiyo huku anakula muwa.

Na bado utawaona watu wazima, wenye ndevu na wake, wanaingia dukani kuchagua injini kwa rangi ya kifuniko. Nimewahi kumwona mmoja amekuja kutafuta injini inayolia kwa nguvu kuliko ya shemeji yake. Mwingine alitaka yenye nguvu za farasi nyingi kabisa, na nilipomuuliza ubao wa boti yake una kimo gani akanitazama kama nimemuuliza kimo cha mama mkwe wake. Hao utakutana nao. Wadharau tu, nimekupa ruhusa, ila uwadharau kimyakimya huku unapima. Usifanye kama mimi. Mimi niliwadharau kwa sauti na sikupima.

Sikiliza ilivyokuwa. Kwenye kijiji hicho hicho unakokwenda, akina mama wa kigango, lile kanisa dogo la kijijini, walikuwa na kikundi. Walichongesha boti ya mbao ya kupeleka watu gulioni na wagonjwa zahanati, kwa sababu barabara yao wakati ule ilikuwa jina tu. Aliyeichonga ni Kasto. Watu walisema hajawahi kuchonga kitu kizuri kama kile. Aliinyanyua nyuma, ubao ukawa mrefu, kwa sababu pale kwao mawimbi yanawafuata watu kwa nyuma wakiwa wanaingia nchi kavu, na ubao mfupi unakaribisha maji. Alijua alichokuwa anafanya. Sisi dukani ndio tulikuwa hatujui.

Siku moja akapiga simu dukani. Alikuwa amepanda mlima kutafuta mtandao, sauti inakuja na kukatika, na Kiswahili chake kina ule mwimbo wa Kinyasa. Mimi nikaweka simu kwenye spika ili bosi na wateja wawili waliokuwepo wasikie, tucheke pamoja.

"Mama wa Songea, kipimo cha ubao nimekupa kondakta akuletee. Ni tete nililolikata ufukweni. Upande wenye kitambaa chekundu ndio juu."

Nikamuuliza, kwa sauti ya kuchezea, kama kule kwao futi kamba hazijafika.

"Ninayo, imefutika namba. Ni shibiri mbili za mkono wangu. Lakini usipime kwa mkono, mama. Chukua tete, lisimamishe kwenye shafti. Likilingana, leta."

Ikakatika. Dukani watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Fundi wa boti ametuma jani la ziwani kwenye basi. Bosi akawa kila akipita ananiuliza kama majani yameshafika. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa na futi kamba mpya ya chuma mfukoni mwa gauni, inayojirudisha yenyewe ukibonyeza. Sisi wa huku juu tulikuwa tunawaona watu wa ziwani ni watu wa kuchekwa tu, wananuka dagaa na wanachelewa kila mahali. Hawakuwa wamenikosea lolote, na hilo halikunizuia hata siku moja.

Tete likaja. Lilikuwa limenyooka, limepangusika vizuri, limekatwa sawa kwa kisu kikali juu na chini, na kitambaa chekundu kimefungwa upande mmoja kwa fundo dogo la mtu mwenye subira. Nikalisimamisha nyuma ya mlango. Wiki ile nililitumia kufukuzia kuku wa jirani waliokuwa wanaingia dukani.

Injini tulikuwa nazo mbili za nguvu ile waliyotaka. Moja shafti ndefu, moja fupi. Ile fupi ilikuwa imekaa dukani muda mrefu, bosi hataki kuiona. Akaniuliza, akina mama wale wanahitaji ipi? Nikasema ngoja nipime. Gaude, nikaweka kidole gumba changu kwenye vibano, nikatandaza mkono, shibiri moja, nikahamisha, shibiri mbili. Kidole changu kidogo kikagusa kibati barabara. Nikasema, hii hii fupi, shibiri mbili, imeenea kama imeumbwa.

Mkono wangu unaujua. Ndio huo uliokuwa unaingia kwenye chupa ya karanga wakati wako ulikuwa unakwama. Shibiri zangu mbili ni inchi kumi na tano. Kasto ni mtu ambaye akikushika bega unadhani umekaliwa na paka mzima. Shibiri zake mbili ni inchi ishirini kamili. Alikuwa ameniambia usipime kwa mkono. Tete lilikuwa nyuma ya mlango, hatua tatu. Futi kamba ya chuma ilikuwa mfukoni mwangu. Sikutumia hata kimoja, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umenipa jibu ambalo bosi alitaka kulisikia.

Injini ikaenda. Akina mama wakaipokea kwa vigelegele, katekista akaibariki kwa maji ya baraka. Siku ya kwanza ziwa lilikuwa limelala, boti ikaenda kidogo, injini ikilia zaidi ya mwendo wenyewe. Kasto aliinama nyuma akatazama, akawaambia injini hii imekaa juu, propela imejificha nyuma ya ubao, msiipeleke mbali mpaka niongee na duka. Alinipigia simu mara mbili. Nikaona namba yake nikasema ni yule wa majani, nikaiacha ilie.

Siku ya tatu kulikuwa na mgonjwa, na huwezi kumwambia mgonjwa asubiri simu. Wakatoka. Upepo wa kusini ukaamka wakiwa wamevuka rasi. Boti ikipanda wimbi, propela inashika hewa badala ya maji, injini inapiga kelele kama nguruwe na boti haisogei. Na unajua yale matundu ya kunyonya maji ya kupozea injini, nayo yakawa yananyonya hewa. Ikachemka, ikatoa moshi, ikakaza na kuzimika. Upepo ukawasukuma kwenye mawe. Alikuwepo mama mmoja, Tekla, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa amenitumia salamu na kilo ya dagaa siku injini ilipofika. Akatanguliza mguu kuzuia boti isigonge. Boti haikugonga sana. Iligonga mguu wa Tekla.

Mungu alisaidia hakufa mtu, hata yule mgonjwa alipona. Lakini mguu ule uliunga vibaya, na naambiwa mpaka leo anatembea kama anayeruka dimbwi kila hatua. Utamwona kanisani. Wanasema ni wa kwanza kuja na wa mwisho kufika mbele kukomunika.

Sasa ndipo sehemu ambayo sijamwambia mtu yeyote hapa nyumbani, hata baba yako.

Kikao kikaitwa kule kijijini. Bosi akatakiwa aende, na mimi nikatakiwa niende naye. Asubuhi ya safari akaniuliza, "Kipimo kilikuja au hakikuja?"

Nikasema kilikuja.

"Basi kitafute. Kikilingana na injini, sisi hatuna kosa."

Hakuniambia nifanye kitu. Miaka mingi nimejaribu kukumbuka kama aliniambia, ningefurahi sana kumbebesha marehemu. Hakuniambia. Nilikwenda mwenyewe nyuma ya mlango, nikachukua lile tete, na kwa mara ya kwanza nikalisimamisha kwenye shafti ya ile injini ndefu iliyobaki. Likalingana na kibati kama vile limekatwa pale pale dukani. Nilichukua muda gani? Ungeweza kusema Baba Yetu nusu. Muda huo tu ndio niliokuwa nimewanyima.

Halafu nikachukua kile kisu tulichokatia kamba za maboksi. Nikapima kwa futi kamba yangu nzuri ya chuma, ndiyo, siku hiyo niliitumia, nikakata inchi tano kutoka upande usio na kitambaa. Jeraha la tete likawa jeupe. Nikalisugua kwa vumbi na oili chafu mpaka likafanana na uzee. Mwanamke aliyekuwa hana dakika moja ya kupima, alipata nusu saa ya kusugua.

Kikao kilikuwa uwanjani mbele ya kigango. Bosi alikuwa amempata mtu wa mjini aliyejiita mtaalamu wa vyombo vya majini. Huyo alikuja na viatu vyeupe, akakataa kushuka kwenye mchanga, akaletewa kiti. Hakwenda kuitazama boti. Alizungumza karibu saa nzima juu ya viwango, na kila aliposema viwango wazee walitikisa kichwa kwa heshima, maskini, kwa sababu neno lilikuwa na suti. Kisha akaomba kipimo. Nikampa tete. Akanyoosha futi yake, akatangaza, "Inchi kumi na tano." Watu wote wakageuza shingo kumtazama Kasto.

Alikuja mbele. Alilichukua tete kwa vidole viwili. Akatazama upande wa kitambaa, akaligeuza, akatazama upande wa chini. Akalinusa. Oili, Gaude. Kule kwao tete halinuki oili. Halafu akanitazama, siyo uso, mikono. Alitazama mikono yangu kwa muda, jinsi ilivyo midogo, na nikaona ameelewa yote, tangu shibiri mpaka kisu. Nikangoja aseme. Mungu wangu, nilivyongoja. Nilikuwa nimeshaandaa machozi.

Akasema, "Kitambaa ni changu."

Basi. Akanirudishia tete kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mtoto kitu alichoangusha, akarudi mahali pake. Kikao kikasikia amekiri. Mwandishi akaandika amekiri. Mtaalamu wa viatu vyeupe akasema asante mzee kwa uungwana. Mimi peke yangu nilisikia alichosema, kwamba kilichobaki chake kwenye lile tete ni kitambaa tu, na vingine ni vyangu.

Nimedharauliwa mara nyingi maishani. Nimedharauliwa na ndugu za baba yako kwa sababu ya ufupi, na walimu kwa sababu ya hesabu, na wenye magari kwa sababu ya viatu. Zote hizo zinapita. Dharau ya mtu yule haijapita, kwa sababu ilikuwa na kipimo sahihi.

Kikao kikaamua, kwa busara yao yote, kwamba injini itengenezwe na ubao wa boti ukatwe uifuate injini. Fikiri hapo. Watu kumi na mbili wenye akili timamu, na mtaalamu, wanakaa chini kuamua kuukata mguu ulingane na kiatu. Kijana mmoja akatoka na msumeno. Kasto akamwambia, "Lete. Kama ni kukatwa, nitakata mwenyewe." Akakata inchi tano kutoka kwenye ubao wake, katikati, mstari umenyooka kuliko ukuta wa kanisa, kisha akapiga msasa kingo, mbele yetu, kama vile kuna mtu atakuja kuikagua kazi ile. Bosi alikuwa anatafuta mtandao.

Boti ile haikumaliza mwaka. Nyuma ikawa chini, kila wimbi linaingia, akina mama wakaogopa, wakaivuta nchi kavu. Nimesikia kuku walitaga humo. Na Kasto hakuletewa boti nyingine ya kuchonga, kwa sababu habari ilienea ufukwe mzima kwamba hajui kupima. Akarudi kwenye mitumbwi, ambayo haihitaji injini wala ubao wa nyuma wala mtu wa Songea. Ndiyo hiyo mitumbwi uliyosema.

Mwezi uliofuata niliacha duka, nikawaambia watu nimechoka na oili. Kisha nikaenda kuungama. Na hata hapo uone nilivyo: sikuungama kwa paroko wetu anayenijua, nilipanda basi mpaka Hanga nikamtafuta padre mzee asiyejua sura yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia malipizi yangu ni moja, niende kwa mtu yule nikaseme mbele ya watu wale wale. Nikatoka nje, nikaona malipizi yale ni makubwa kwa mwanamke mwenye mtoto mdogo, nikajipunguzia. Nikasali novena, sala za siku tisa. Halafu nyingine. Nimesali novena nyingi kwa ajili ya Kasto, Gaude, yeye hana habari, na hata moja haijamrudishia inchi moja ya ubao. Unanionaga nimepiga magoti muda mrefu, ukadhani mama ni mtakatifu. Mama alikuwa anakwepa safari ya basi.

Lile pande la chini la tete sikulitupa. Unalijua. Lilikuwa nyuma ya picha ya Bikira Maria, sebuleni. Ulipokuwa darasa la pili ulilichomoa ukaniuliza ni nini, nikakuambia ni kijiti cha Jumapili ya Matawi, kimebarikiwa, rudisha. Ukalirudisha kwa mikono yote miwili, ukapiga ishara ya msalaba. Mbele ya uongo wangu. Nimefanya mengi mabaya, lakini nikikumbuka vidole vyako vile natamani sakafu inifunike.

Sasa kazi yako. Sina cha kukufundisha kuhusu injini, ila hiki: mtu akikuletea kipimo, kiwe kamba, kiwe tete, kiwe mkanda wa suruali wenye alama ya makaa, kiweke kwenye shafti kwanza. Ukitaka kucheka, cheka baadaye. Na utakapokosea, maana utakosea, kosa litakuwa dogo kwa muda mfupi sana. Langu lilikuwa na ukubwa wa simu mbili ambazo sikuzipokea. Ningezipokea, Tekla angekuwa anatembea vizuri, na injini ingerudishwa dukani, na bosi angenifokea mpaka saa ya chakula cha mchana. Hilo ndilo nililokuwa naliogopa. Kufokewa na mtu aliyeliona ziwa kwenye kalenda.

Nilikuwa nimepanga hivi. Lile pande la inchi tano nilizungushie gazeti, nikuwekee kwenye mfuko wa pembeni wa begi, na barua hii juu yake. Ufike, umsalimie Mzee Kasto shikamoo, umpe, umwambie mama yangu anasema hii ni yako. Niliona ni jambo zuri. Niliona hata utakavyosimama. Nimeandika kurasa zote hizi nikijiambia naandika kwa ajili hiyo.

Lakini nimesoma kutoka juu, nikaona ninachokifanya. Kipimo kinapanda tena basi mkononi mwa mtu mwingine. Na safari hii ninayemtuma ni wewe, ukalale kwenye nyumba ya mtu yule, ule ugali wake, ukiwa umebeba kisu cha mama yako. Ungelipeleka, najua. Ungeenda kwa miguu kama ningekuambia. Ndiyo maana ni aibu.

Nimeinuka nikafungua zipu, nimelitoa. Liko hapa mezani, karibu na mkono wangu. Limekauka, limekuwa la njano, na upande mmoja bado unanuka oili, au labda ni pua yangu.

Kesho asubuhi utaniona stendi na mimi nina kibegi, na ukiniuliza mbele ya watu nakwenda wapi, nitakuambia ngoja. Baba yako nitamweleza leo akirudi, kabla hajavua viatu, ili asipate pa kukimbilia. Nitakuomba unikatie kiti karibu na dirisha, zile kona za kushukia ziwani zinanitapisha. Sitakaa siku nyingi. Ninachohitaji ni uwanja wa mbele ya kigango, siku ya Jumapili, baada ya misa, watu wakiwa bado hawajatawanyika, na Tekla awepo. Kama Mzee Kasto hatataka ukae kwake baada ya hapo, tutatafuta chumba kingine, na hutamlaumu.

Barua hii nitakupa mkononi tukishapita Mbinga. Isome ukiwa umekaa kando yangu, yote, usiruke mahali, ili tukifika nisipate nafasi ya kuisimulia vizuri kuliko ilivyokuwa.

Mashati yaliyobaki nitayakunja sasa.

Mama yako